Hoteli ya Semina Bagamoyo: Uwajibikaji Ulioko Ukutani na Ulioko Jikoni

Ofisi yetu ya Dar es Salaam hupeleka wafanyakazi wake nje ya mji kila mwaka kwa ajili ya kupanga kazi za mwaka unaofuata, na safari hii nilipewa mimi jukumu la kutafuta mahali. Kanuni zetu za manunuzi zinadai jambo ambalo mashirika mengi yameanza kulidai: mzabuni aeleze, pamoja na bei yake, namna anavyowatendea wafanyakazi wake, anavyotunza mazingira na anavyoishi na majirani zake. Kwa hiyo sikwenda Bagamoyo kuangalia magodoro peke yake. Nilikwenda kuiangalia hoteli ambayo kijitabu chake cha matangazo kimejaza kurasa nne za habari za uwajibikaji kwa jamii kabla ya kufika kwenye bei za vyumba, na nilitaka kujua kurasa hizo zina uhusiano gani na jinsi biashara yenyewe inavyoendeshwa. Jina la hoteli nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya watumishi walizungumza nami kwa uwazi ambao usingewafaa kama mwajiri wao angetajwa, na kwa kuwa mengi ninayoyaeleza utayakuta katika hoteli nyingi za mwambao.

Ya kawaida niyamalize mapema. Hoteli iko upande wa kusini wa Mji Mkongwe, kwenye njia inayoelekea Kaole, na kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita kama 70 kwa kupitia Tegeta na Mapinga. Ukumbi wake unawatosha watu sitini waliokaa kwa meza, viyoyozi vinafanya kazi, na umeme ulipokatika jenereta liliwaka kabla kundi lililokuwa ukumbini halijaanza kunung'unika. Vyumba ni safi, vyandarua havina matobo, maji ya bafuni yana nguvu. Projekta ni ya zamani na rangi zake zimefifia. Mwenye kazi ya ramani au michoro aje na ya kwake. Chai ya saa nne ina vitumbua na mihogo ya kuchemsha pamoja na zile soseji za kila semina, na kwa vitumbua na mihogo nina shukrani.

Mapokezi ndipo hoteli inapojieleza. Ukuta mzima nyuma ya kaunta umepangwa picha zilizowekewa fremu: madawati mapya yakikabidhiwa katika shule ya msingi, wachezaji wa timu ya mtaa wakiwa wamevaa jezi zenye nembo ya hoteli, wageni na wafanyakazi wakipanda miche ya mikoko, na katikati yake hundi kubwa ya mfano ambayo meneja na mwalimu mkuu wameishika kila mmoja upande wake. Sina neno baya juu ya madawati. Mtoto anayekaa sakafuni hahitaji nadharia ya uongozi wa biashara, anahitaji dawati. Lakini mimi nilikuwa nimetumwa kumtathmini mtoa huduma, na picha za makabidhiano, hata zikiwa mia, hazimwambii mnunuzi fedha zilizonunua madawati zilipatikana vipi, nani alilipwa pungufu ili zipatikane, wala nini kitatokea mwaka ambao wageni watapungua. Ndiyo maana, baada ya kuutazama ule ukuta kwa heshima yake, niliomba kupelekwa jikoni.

Chakula ni kizuri, na nisingependa jambo hilo lipotee katikati ya maswali yangu ya kiofisi. Pweza wa nazi ni mlaini bila kuwa mlegevu, na tui lake halijazidiwa na bizari; kolekole wa kupaka amechomwa kwa makaa taratibu, na rojo lake lina ukali wa ndimu kama inavyostahili. Mlo wa mchana kwa wageni wa semina ni shilingi 25,000 kwa mtu, bei ambayo kwa Bagamoyo si ya chini, ila samaki aliyeletwa mezani alikuwa ametoka baharini asubuhi ile ile. Sababu ya jambo hilo ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote niliyoyaona katika hoteli hii.

Hoteli hununua samaki wake kwenye mnada wa soko la samaki la mjini, pale ufukweni karibu na jengo la zamani la forodha, na hulipa siku ile ile. Hoteli na mikahawa mingi huchukua samaki kwa mali kauli, ikalipa mwisho wa mwezi, na mara nyingine mwisho wa mwezi unaofuata. Mvuvi hawezi kusubiri hivyo, kwa sababu mafuta ya mashine, barafu, posho za mabaharia na nyavu zilizochanika vinadai fedha taslimu kabla chombo hakijatoka tena. Hukopa kwa mwenye chombo, au kwa mwenye duka, au kwa mchuuzi mkubwa, na mkopo huo hulipwa kwa samaki wa kesho kwa bei anayoipanga mkopeshaji. Hivyo hoteli inayolipa baada ya siku 30 inakuwa imekopeshwa mtaji bila riba na watu walio dhaifu kuliko wote katika mnyororo wake wa ugavi, kisha mwisho wa mwaka inawaita watoto wa watu hao hao waje wapokee madawati.

Nilitaka kuhakikisha, kwa hiyo asubuhi nilishuka sokoni. Mchuuzi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akimwagia maji vibua vyake, alinijibu bila kuacha kazi: “Hawa hawana mali kauli, mwanangu. Ukishapima, simu inalia.” Kijana aliyesimama karibu naye aliongeza kwamba hata kipindi cha kusi, bahari inapochafuka na samaki wakaadimika, mnunuzi wa hoteli hii huitwa kwanza, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba fedha yake haina safari ndefu. Nilipomuuliza meneja mkuu kwa nini habari hii haimo katika zile kurasa nne, alionekana kushangazwa na swali. “Huo si msaada,” alisema, “hayo ni manunuzi.”

Kwa maoni yangu jibu hilo ndilo linaloeleza ubora na udhaifu wa hoteli hii kwa pamoja. Meneja ameshafanya uamuzi mzuri wa kiuongozi, tena wenye faida: ametenga fedha taslimu za samaki kila siku, akavumilia usumbufu wa kihasibu unaotokana na malipo mengi madogo madogo, na kwa hilo amepata samaki bora, bei isiyoyumba sana na wauzaji wasiomkimbia wakati wa uhaba. Michael Porter na Mark Kramer, waandishi wa Marekani wa mambo ya biashara walioandika mwaka 2011 kuhusu kampuni kuzalisha thamani kwa ajili yake na kwa ajili ya jamii kwa tendo lile lile la kibiashara, wangelichukua soko hili la samaki kuwa mfano wao. R. Edward Freeman, mwanazuoni mwingine wa Marekani, alikwisha kueleza tangu mwaka 1984 kwamba msimamizi wa biashara anao watu wengi wa kuwaangalia zaidi ya wenye hisa, yaani kila anayeweza kuathiri kazi ya kampuni au kuathiriwa nayo, wakiwemo wauzaji, wafanyakazi, wateja na majirani. Mpishi wa hoteli hii, ambaye sidhani kama amewahi kulisikia jina la Freeman, anaijua hoja hiyo vizuri sana. Anayesimamia matangazo ndiye asiyeijua.

Kuna mengine ya namna hiyo ambayo nilipaswa kuyadodosa, kwa maana hakuna aliyekuja kunieleza mwenyewe. Pweza mdogo haingii jikoni. Mnunuzi ana mzani wake na hukataa pweza aliye chini ya gramu 500, kiwango ambacho kanuni za uvuvi zinakitaka lakini ambacho wanunuzi wengi hukipuuza wageni wanapokuwa wengi. Mananasi hutoka Kiwangwa, na hoteli huchukua pamoja na yale madogo na yaliyopinda ambayo wauzaji wa Dar es Salaam huyaacha shambani, kwa sababu kwenye juisi umbo halina kazi. Njia ya wavuvi inayopita ubavuni mwa hoteli kwenda ufukweni haikufungwa ukuta ulipojengwa. Imewekewa ngazi za saruji na taa ya usiku, na jioni nilimwona mtu amebeba mashine ya boti begani akiteremka bila kuulizwa na mlinzi anakwenda wapi. Wanaofahamu ugomvi wa njia za ufukweni katika pwani yetu wanajua kwamba taa ile ya usiku imeizuia hoteli isiingie katika kesi nyingi.

Sasa nirudi kwenye kijitabu. Archie Carroll, mwanazuoni wa Marekani ambaye mchoro wake wa mwaka 1991 hutumika sana katika madarasa ya uongozi wa biashara, alipanga wajibu wa kampuni katika ngazi nne: chini kabisa kuendesha biashara yenye faida, juu yake kutii sheria, kisha kutenda haki hata pale sheria isipolazimisha, na kileleni kutoa kwa hisani. Kijitabu cha hoteli kimeanzia kileleni, na kinaposhuka kinachanganya ngazi. Miongoni mwa mambo kinayoyahesabu kuwa ni wema wa hoteli kwa jamii ni kutotumia mifuko ya plastiki, ilhali mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kimetaja pia kwamba wafanyakazi wanachangiwa NSSF, ilhali mchango huo wa asilimia 20 ya mshahara, ambao mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, ni wa lazima. Mwenye kulipa deni lake anastahili kuaminiwa, naam, lakini hastahili kulitangaza deni hilo kuwa ni zawadi.

Ajabu ni kwamba wajibu mmoja wa kisheria ambao ungestahili kuelezwa kwa wageni haukutajwa popote. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo. Kutokana na mapato yake ya ndani halmashauri hutunza huduma za wananchi, na asilimia 10 ya mapato hayo hutengwa kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Biashara inayoandika mauzo yake yote na kumpa kila mteja risiti ya mashine inaichangia Bagamoyo kila siku bila kumwita mpiga picha, na ile inayoficha nusu ya mauzo kisha ikatoa madawati kumi imechukua zaidi ya ilichorudisha. Hoteli hii hutoa risiti bila kuombwa, hata kwa soda moja. Nililijaribu jambo hilo kwenye baa na kwenye mkahawa, na yule dada wa kaunta alinitazama kama mtu anayemchelewesha. Hili nalipa alama kubwa.

Alama hizo zinapungua kwenye bili. Chini ya jumla ya kila mlo kuna mstari ulioandikwa “mchango wa jamii”, shilingi 1,000, ambao hauombwi bali huongezwa. Kwa mtu mmoja aliyekuja kula samaki wake na kuondoka ni kiasi kidogo. Kwa kundi la watu sitini wanaokula mchana na jioni kwa siku tatu ni shilingi 360,000, na fedha hizo zingetoka katika bajeti ya ofisi ambayo haikuwahi kuulizwa kama inataka kuchangia, wala kuchangia nini. Nilimuuliza mhasibu, naye kwa sifa yake alinifungulia vitabu: michango ya wageni huwekwa katika hesabu ya peke yake, haichanganywi na mauzo, na hutumika kweli kwa madawati. Jambo hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa katika mapato yanayotozwa kodi michango aliyotoa kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii, isipozidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara, na fedha ya mgeni ikihesabiwa kuwa ya hoteli, hoteli ingepata sifa na nafuu ya kodi kwa kitu isichokitoa. Mhasibu hajafanya hivyo. Lakini ile hundi ya mfano ukutani ina nembo ya hoteli peke yake, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba walionunua madawati ni wageni waliokula kolekole.

Milton Friedman, mchumi aliyepinga kwa nguvu zote wazo la kampuni kujitwika wajibu wa kijamii nje ya kutafuta faida kwa kufuata kanuni za mchezo, aliandika mwaka 1970 katika jarida la New York Times kwamba msimamizi anayetumia mali ya kampuni kwa malengo ya kijamii anatumia fedha za watu wengine: za wenye hisa, au za wateja, au za wafanyakazi. Siungani naye katika mengi, na lile soko la samaki lenyewe linampinga, kwa kuwa malipo ya siku ile ile yamewafaa wenye hisa na wavuvi kwa pamoja. Lakini mstari ule wa bili ungempa Friedman ushahidi alioutaka. Kama hoteli inaamini kwamba wageni wake wangependa kuchangia shule, iwaulize, iwaandike katika hundi, na iongeze kiasi chake yenyewe palepale waweze kuona.

Kwa upande wa wafanyakazi nilikuta hoteli mbili ndani ya ukuta mmoja. Watumishi wa kudumu wana mikataba ya maandishi, nakala wanazitunza wenyewe, na niliozungumza nao walijua likizo yao ni siku 28 na kwamba saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyoeleza. Masika, wageni wanapokuwa haba, biashara nyingi za ufukweni huwaambia watu warudi nyumbani wakasubiri kuitwa. Hapa hupewa likizo zao kwa zamu, na waliobaki hupaka rangi, hushona mapazia na kurekebisha makuti, ili msimu ukirudi hoteli isianze upya kuwafundisha wageni wa kazi. Ndiyo maana mhudumu aliyenipokea alikuwa na miaka yake katika kazi ile na hakuhitaji kuelekezwa na mtu. Huu nao ni uongozi mzuri ambao hauna picha ukutani.

Hoteli ya pili ni ya wanafunzi wa vyuo vya hoteli waliokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Wakati wa chakula cha jioni waliokuwa wakihudumu mezani walikuwa wengi kuliko watumishi wenyewe, na zamu zao zilianza na chai ya asubuhi zikaishia na vyombo vya usiku. Mmoja wao, kijana mwenye adabu na mkono mwepesi, nilimuuliza atapumzika lini. “Sisi wa field hatuna off, kaka,” alisema, akacheka, akaendelea kukusanya glasi. Hawalipwi posho, hupewa mlo mmoja na barua ya kuthibitisha mafunzo. Meneja aliniambia kwamba hiyo ni huduma ya hoteli kwa vijana wa taifa, na kwa kweli kijitabu kinalihesabu jambo hili chini ya kichwa cha “kukuza vipaji”. Mafunzo yangekuwa mafunzo kama kungekuwa na mtu wa kuwafundisha, ratiba ya kuhamia idara mbalimbali na siku ya kupumzika. Mwanafunzi anayeziba nafasi ya mhudumu, kwa saa nyingi kuliko mhudumu mwenyewe na bila malipo, ni gharama ya mishahara iliyohamishiwa kwa wazazi wake. Kati ya yote niliyoyaandika katika ripoti yangu hili ndilo zito, na sikulitafutia lugha laini.

Kuhusu mazingira nitasema kwa ufupi. Maji ya kunywa ukumbini huletwa kwa majagi ya kioo, hivyo chupa za plastiki hazirundikani nyuma ya hoteli. Maji ya kufulia huchujwa na kumwagiliwa bustani. Mabaki ya jikoni huchukuliwa na wafugaji wa bata wa jirani. Ile miche ya mikoko iliyopandwa mbele ya kamera sikuiona hata mmoja, na hilo halikunishangaza, kwa kuwa ilipandwa kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi mbele ya hoteli, mahali panapofaa kwa picha, wakati mikoko ya eneo hili hustawi kwenye tope la mapito ya maji kujaa na kupwa, kama kule kwenye mlango wa mto Ruvu. Mtu mmoja wa idara ya misitu au mzee yeyote wa uvuvi angewaambia hivyo kabla ya kununua miche. Paa la baa nalo limeshikiliwa na boriti za mikoko, na nilipouliza kibali cha kuvuna nilijibiwa kwamba zilinunuliwa zamani.

Jambo moja katika kijitabu linapaswa kuondolewa kabla ya ukurasa mwingine wowote kuchapishwa. Kwenye jalada la nyuma hoteli inadai kwamba imethibitishwa kwa kiwango cha ISO 26000. Kiwango hicho kilitolewa mwaka 2010, nacho ni mwongozo wa uwajibikaji kwa jamii wenye maeneo saba: utawala wa taasisi, haki za binadamu, masuala ya kazi, mazingira, uendeshaji wa haki wa biashara, masuala ya walaji, na ushiriki katika jamii na maendeleo yake. Waliokitunga walieleza wazi kwamba hakikusudiwi kutolewa vyeti, na kwamba anayedai kuwa na cheti chake, au anayekiuza, anapotosha. Meneja alisema mshauri aliyewaandalia kijitabu ndiye aliyeliweka dai hilo. Ninamwamini, lakini mnunuzi makini akiliona atatilia shaka hata yale yaliyo kweli. Inasikitisha zaidi kwa sababu, mtu akiyapima maeneo yale saba moja baada ya jingine, hoteli hii ingejieleza vizuri katika matano bila cheti cha mtu yeyote.

Chanzo cha mkanganyiko huu wote nilikiona katika mgawanyo wa kazi. Uwajibikaji kwa jamii uko chini ya idara ya masoko. Bajeti yake ni sehemu ya bajeti ya matangazo. Na kila robo mwaka huulizwa tu zimepatikana picha ngapi za kuweka mtandaoni. Mnunuzi wa samaki, mhasibu na ofisa wa wafanyakazi, ambao maamuzi yao ya kila siku ndiyo yanayoamua nani anafaidika na nani anaumia, hawajawahi kuitwa katika kikao cha jambo hilo. Katika sekta ya madini sheria iliyorekebishwa mwaka 2017 inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji na kukubaliana juu yake na halmashauri husika, kwa kushauriana na mawaziri wa serikali za mitaa na wa fedha, hivyo hata asiyependa hulazimika kuuliza wananchi wanahitaji nini. Hoteli haibanwi na kifungu hicho, na uhuru huo hapa umetumika kuchagua vitu vinavyopendeza kwenye kamera. Meneja mkuu ni mtu mwenye akili na biashara anaijua. Kama angehamisha jukumu hilo kutoka masoko na kuliweka mezani kwake, pamoja na vipimo vichache kama muda wa kuwalipa wauzaji na saa za kazi za wanafunzi, kijitabu kingejiandika chenyewe.

Nimeipendekeza hoteli hii kwa ofisi yetu, kwa masharti matatu yatakayoingia katika mkataba. Mstari wa mchango uondolewe kwenye bili ya kundi, au uachiwe kila mgeni aamue mwenyewe. Wanafunzi watakaotuhudumia wafanye kazi kwa saa zisizozidi za watumishi wa kudumu na walipwe posho. Na dai la ISO 26000 lifutwe katika nyaraka zote tutakazoletewa. Meneja amekubali kwa barua pepe la kwanza na la tatu. La pili amesema hana budi kulifikisha kwa wamiliki, na mpaka ninaandika haya hajajibu. Jibu lisipokuja kabla ya siku ya kutia saini, tutachukua ukumbi na chakula, na huduma ya mezani tutaomba ifanywe na watumishi wa kudumu peke yao, hata kama chai itachelewa kidogo.

Anayekwenda mwenyewe kwa ajili ya mlo tu aagize pweza asubuhi mapema, kwa kuwa mnada ukishakwisha mnunuzi harudi tena sokoni, na kwenye bili aombe mstari wa mchango ufutwe kama hataki kuchangia. Mhasibu huufuta bila kuhoji.